Lango la Abiria

Mchuzi wa samaki ulikuwa umeshapoa mezani, na Caitano alikuwa bado anabisha.

"Tutafika Jumamosi asubuhi," alisema. "Sisi mabaharia siku zote tulishuka ndege asubuhi, jioni tuko baharini."

"Nyinyi mlikuwa na wakala," Piedade akamjibu. "Mkichelewa, anawapeleka bandari inayofuata. Sisi tukichelewa, nani atatutafuta?"

Caitano alikuwa dobi wa meli za kitalii tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa kichwani. Alifua na kupiga pasi mashuka ya watu chini kabisa ya meli, kusiko na dirisha. Hapo Chinchinim, kijiji chao cha Goa, si ajabu. Nusu ya nyumba za kijiji zimejengwa kwa pesa za meli. Ajabu ni kwamba safari hii yeye na mkewe walikuwa wamenunua chumba chao wenyewe, cha abiria, chenye dirisha, na meli ingeondoka Barcelona Jumamosi jioni. Chumba kilishalipiwa. Kilichobaki ni kuifikia meli, na meli haimsubiri mtu.

Piedade alilitaka jambo hilo kuliko alivyothubutu kusema. Alitaka mumewe aingie melini kwa mlango wa mbele, mara moja tu kabla hawajafa, naye awe pembeni yake.

"Bombay tutalala kud," Caitano akaendelea, akimega mkate.

Kud ni nyumba ya wanakijiji huko Bombay, ambako mabaharia huweka masanduku yao, husali rozari jioni na kungoja waitwe kazini. Caitano alilala huko kila safari ya maisha yake.

"Kud hawalazi wanawake, Baba Savio. Mimi nitalala wapi, kwenye ngazi?"

Caitano aliurudisha mkate sahanini. Alikuwa amesahau kabisa kwamba safari hii ana mke. Akatafuta kejeli.

"Wewe umepanda ndege lini, mpaka unipangie mimi?"

"Sijapanda. Ila kila uliyopanda wewe, nilikufikisha mimi."

Hilo halikuwa na ubishi. Ni yeye aliyempeleka uwanjani Dabolim miaka yote, mvua inyeshe isinyeshe, akabaki nje ya kioo anampungia mkono. Halafu alirudi nyumbani kuwa mama na baba wa mtoto wao Savio. Nyumba hiyo waliyokaa aliisimamia yeye; fundi alipojenga ukuta ulioinama, alimfanya aubomoe, na Caitano alikuja kuona ukuta ulionyooka bila kujua kilichopita. Mwanamke wa namna hiyo hashindwi na tiketi.

Akapanga. Tiketi ikawa moja, kutoka Goa kupitia Bombay mpaka Barcelona, ili ndege ya kwanza ikichelewa mzigo uwe wa shirika la ndege, si wao. Bombay akaacha nafasi kubwa ya kubadilisha ndege, kwa sababu mvua za Juni alizijua. Wangefika Ijumaa, walale hotelini, na teksi ya kwenda bandarini ije mara tu baada ya kifungua kinywa.

"Mapema yote hiyo ya nini?" Caitano aliuliza.

"Ya kupotea."

"Nani atapotea? Barcelona naijua kama jikoni kwako."

"Jikoni kwangu hujui hata chumvi ilipo."

Siku ya safari mvua ilimwagika Dabolim, na ndege ikakaa chini mpaka watu wakaanza kugombana na wahudumu. Piedade alitoa mikate aliyofunga kwenye kitambaa, akala bila haraka. Bombay waliikuta ndege ya pili ingali inapakia abiria. Tangu hapo Caitano alimwachia mkewe azishike hati za safari.

Jumamosi asubuhi teksi ilikuja hotelini Barcelona kama ilivyoagizwa. Caitano alikaa mbele, na walipokaribia bandari akaanza kumwelekeza dereva kwa Kihispania chake cha mabaharia: kata hapa, pita pale, nyoosha. Dereva alimtazama Piedade kwenye kioo, kwani si huko alikoagizwa. Piedade akamwashiria amfuate mzee.

Wakasimama mbele ya lango dogo la chuma, lililobanduka rangi. Mlinzi alitazama karatasi zao, akatabasamu kwa adabu.

"Hapa ni wafanyakazi, bwana. Nyinyi ni abiria. Mmeliacha lango lenu mbali sana huko nyuma."

Caitano alibaki ameshika mlango wa teksi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa kofia na upepo.

"Nimekuchelewesha, Mama Savio."

"Hujanichelewesha. Muda huu niliupanga."

"Ulijuaje kama nitakuleta huku?"

"Miguu yako haijui kwingine."

Hakumwambia jingine, kwamba yeye mwenyewe alitaka kuliona lango hilo. Barua zote zilitoka nyuma yake, na pesa zote, na matofali yote ya ukuta ule. Alilitazama mpaka aliporidhika. Moyo ulimuuma, na bado alijivunia mumewe kuliko siku aliyoolewa.

Kisha wakarudi walikotoka, muda ukiwa bado tele.

Kwenye lango la abiria kulikuwa na zulia na maua, na kijana aliyevaa glavu nyeupe alinyoosha mkono apokee begi. Caitano aliling'ang'ania kwa mikono miwili. Kijana akangoja. Foleni nyuma yao ikangoja.

Piedade alimgusa bega.

"Mpe, Baba Savio. Leo si zamu yako."

Vidole vikaachia kimoja kimoja. Caitano alisimama mikono mitupu, akiwa hajui aiweke wapi, mpaka Piedade alipouchukua mmoja akautia kwapani mwake. Wakapanda ngazi hivyo, Piedade hatua moja mbele, kwa sababu hati zilikuwa kwake.