Jina la Profesa

Maabara ile ilikuwa na desturi yake. Hesabu wewe, andika wewe, fukusi wakutambae wewe shingoni, lakini makala ikichapishwa, jina la Profesa lazima likae mwishoni mwa orodha ya waandishi. Hakuna aliyelalamika. Paa lake, mashine zake, na lawama zikija, mkubwa ni jalala.

Mtafiti mmoja wa maabara hiyo wenzake walimwita Mama Fukusi, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa na mitungi ya mahindi yaliyojaa wadudu, na shahada ya udaktari ambayo mama yake mzazi aliiulizia kila Jumapili kama imeshaanza kuleta mshahara wa maana. Yeye ndiye aliyegundua kwamba fukusi wa maghala fulani hawafi tena kwa dawa ya kawaida, na alitaka kujua kwa nini. Kwa hilo alihitaji fedha zake mwenyewe, kutoka mfuko wa watafiti wachanga.

Mwaka uliopita mfuko ulimkatalia. Kazi nzuri, walisema, ila hatuoni ipi yake na ipi ya mwalimu wake. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, maana mfuko una kikomo: ukishakaa na shahada miaka kadhaa, wewe si mchanga tena, hata kama hujawahi kuwa na kiti chako.

Basi akajikaza kisabuni, akaenda kumwomba Profesa aliondoe jina lake kwenye makala mpya. Mzee alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Unanitoa kwenye nyumba niliyoijenga?"

"Sikutoi, Profesa. Natafuta yangu."

Mzee alilikata jina kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma, na hakuficha. Mama Fukusi naye alitoka akalia koridoni, kwa sababu mtu yule ndiye aliyemfundisha kushika hadubini.

Siku ya usaili wa mfuko, mwenyekiti wa kamati aliifungua makala, akapekua mbele na nyuma, kisha akauliza kwa upole mbona jina la Profesa halimo. Je, mzee haiamini kazi hii?

Mama Fukusi alidhani ni utani. Haukuwa utani. Kwao, jina likiwepo, kazi ni ya mzee; lisipokuwepo, mzee kaikana.

"Mwaka jana mlisema limezidi," alijibu. "Leo mnalitafuta. Niambieni niliweke wapi, nirudi kazini."

Waliandika kitu, wakamshukuru.

Alimsimulia Profesa yote. Mzee alipandwa na hasira, akachukua simu. Mwenyekiti yule alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Neno moja tu lingetosha, na wote wawili walijua hivyo. Mama Fukusi aliweka kiganja juu ya simu. Hakuwa na kazi nyingine ya kwenda. Hata hivyo hakukiondoa.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Wamemkatalia. Walimshauri ajiunge na mtafiti mzoefu.

"Ungeniacha nipige," Profesa alisema.

"Ningepata fedha. Na kazi ingekuwa yako tena."

Miaka yote ile mzee alikuwa akidhani jina lake ni mwavuli juu ya vijana wake, na sasa aliona aibu, na akakiri hivyo. Kisha alichomoa kwenye shada lake la funguo ufunguo wa chumba cha fukusi, akausukuma upande wa pili wa meza.

"Mshahara sina," alisema. "Chumba kichukue. Sitaingia mpaka uniite."

Mshahara ndio uliohitajika, na chumba hakiliwi. Mama Fukusi alikuwa na hasira na kamati, na Profesa, na yeye mwenyewe pia. Akauchukua ufunguo, maana mitungi ilikuwa haijakaguliwa tangu jana, na hakuna mwingine aliyejua kuikagua.