Kiu ya Pipa la Shangazi

Shangazi yangu ndiye mpimaji wa kiu ya bonde zima. Nyuma ya nyumba yake kuna pipa la udongo lililofukiwa hadi shingoni, limeoteshwa nyasi na kukalia mizani. Kila asubuhi husoma uzito. Uliopungua ni maji yaliyonywewa na nyasi na jua. Akishapiga hesabu huwapigia simu watu wa bwawa, nao hufungua lango kwa kadiri hiyo.

Asubuhi moja ya likizo pipa lilikutwa limenenepa, na mvua haikunyesha hata ya kudanganyia.

Shangazi aliingia jikoni, akanitazama. Mtu aliyewahi kumvika mbuzi tai ya mwalimu wa zamu hahitaji kesi ndefu.

"Mwanangu, umetia nini kwenye pipa?"

"Shangazi, kwa heshima zote za mahakama hii, safari hii si mimi."

"Watu wanangoja simu yangu. Nikisema nyasi hazikunywa, watabana lango, na huko chini mahindi bado machanga. Nikisema sijui, watauliza nalipwa kwa kazi gani."

Nyuma yake Babu, baba yake mzazi, alikuwa kwenye benchi la jikoni akisugua kikombe chake cha bati. Tangu alipoacha jiko likiwaka mchana kutwa, alikuwa amepokonywa kazi za nyumba moja baada ya nyingine, zote kwa upendo. Nikaona viatu vyake. Katika bonde zima lililokauka, tope lilikuwa hapo tu.

"Haya, ni mimi," nikasema. "Nilimwagia maji. Utani tu."

"Kiasi gani? Nikikijua, nitakitoa kwenye hesabu."

Uongo wangu haukuwa umefika huko. "Kikombe kimoja."

Babu akakohoa. "Kimoja kingemfaa nani? Ni vitatu. Nyasi zimelala kama wagonjwa, na wewe binti yangu kazi yako kuzipima tu, hata tone huzipi."

Shangazi akachuchumaa mbele yake.

"Baba, vilijaa?"

"Lini umeniona nikimwonjesha mtu maji?"

Shangazi akakiomba kikombe, akakijaza, akakipima, akatoa vitatu kwenye hesabu na kupiga simu. Lango likafunguliwa inavyostahili. Mimi, kwa kusema uongo mbele ya mizani, nilihukumiwa kuosha viatu.

Kisha akapigilia msumari kwenye nguzo karibu na pipa, akakitundika kikombe.

"Kila jioni, Baba. Vitatu, vijae. Halafu uniambie."

"Na nikisahau?"

"Utaniambia umesahau. Hiyo nayo naihesabu."

Babu akavaa viatu vikiwa bado vibichi, akaenda kuukagua msumari.

Siku hizi watu wa bwawa wakiuliza kama kumenyesha, Shangazi hujibu bila kucheka, "Kwetu tu. Kidogo, jioni."