Kobe Alipopiga Hodi

Kukaa eda si adhabu, ni ibada. Hivyo ndivyo wanavyoniambia wote wanaokuja kunitazama, nami huwaitikia, naam, ni ibada, huku nimekodoa macho darini. Wakishamaliza chai yao huvaa viatu wakaenda zao Konde sokoni. Mimi hubaki na ibada yangu ndani ya chumba chenye kitanda kimoja, dirisha moja la mbao linalotazama migomba, na pazia la mlangoni ambalo nimelichoka kuliko mtu.

Pandu, mume wangu, aliteleza juu ya mkarafuu msimu ulipokuwa unaishia. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Kwetu Shumba mjane hukaa eda katika nyumba aliyofiwa, na nyumba niliyofiwa mimi ni ya mkwe wangu, Bi Mwanamize. Ni mwanamke wa maneno machache. Tangu mwanawe azikwe hushinda sebuleni na tasbihi yake, baina yangu na mlango wa mbele. Mlango wenyewe hautiwi kufuli, na sijaona haja ya kufuli maadamu yeye yupo pale.

Jina langu Ummkulthum, lakini watoto huniita Mwalimu Ummu. Nilikuwa nasomesha darasa la maandalizi, watoto wa miaka mitano na sita, pua zinawachuruzika. Mwaka jana ulikuja mradi mmoja wa sayansi kwa watoto wadogo, wakatuachia sanduku la betri, taa ndogo, sumaku na roboti nne. Ukisikia roboti usifikirie mtu wa chuma. Ni kidude cha plastiki cha kijani, ukubwa wa kifuu cha nazi, kina magurudumu chini na vitufe mgongoni: mbele, nyuma, kulia, kushoto, na kimoja cha kusubiri ambacho kwa amri yake kidude hulia piip kikasimama kidogo. Unabonyeza amri zako zote kwa mpangilio, halafu unabonyeza cha kati, nacho kinakwenda kama ulivyokiamuru. Ukikosea, kinakosea. Watoto walikiita Kobe.

Nilikuwa na raha na darasa lile, naisema wazi. Nimesomesha alifu na a-e-i-o-u miaka na miaka kwa kuimbisha, mpaka nikawa naimba usingizini. Lakini kumwona mtoto anamtuma Kobe aende kisimani, Kobe akaingia uvunguni mwa kabati, na mtoto badala ya kulia anarudi kwenye amri zake kutafuta wapi alikosea, hilo sikuwahi kuliona. Nikawa nawaambia kila siku kwamba Kobe hana kosa, tumtafute aliyemwamrisha.

Nilipoingia edani darasa wakampa Mwalimu Masoud. Sina ugomvi naye, ni kijana msafi, pasi ya shati lake unaweza kukatia mkate. Lakini jambo la kwanza alilofanya ni kuzitia roboti kabatini zisije zikaharibika. La pili, akawafundisha watoto waseme kwa pamoja, "Roboti ni mashine inayofuata maelekezo." Wakalisema hilo asubuhi na mchana. Kobe wote wanne wako gizani, na watoto wanaimba habari zao.

Haya niliyapata dirishani. Khairat, ambaye ni mtoto wa jirani na hana haya hata punje, alikuja siku moja akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaingiza uso wake baina ya nondo.

"Mwalimu, Kobe kafungwa," akasema.

"Kafungwa na nani?"

"Na Mwalimu Masoud. Mwalimu Mkuu kasema ni amana ya watu. Na weye kakufunga nani?"

Nikamwambia mimi sikufungwa, nimekaa eda. Akanitazama vile watoto wanavyomtazama mtu mzima anayewaongopea.

Kesho yake akaja na Ishak, na keshokutwa wakaja kundi. Hatukuwa na roboti, kwa hivyo mtoto mmoja akawa ndiye Kobe. Nikachana maboksi ya biskuti za wageni wa tanga, nikayachora mishale kwa mkaa, nikawapitishia baina ya nondo. Wakayapanga mchangani chini ya migomba. Ishak akawa anatembea kwa amri, mbele, mbele, kulia, mpaka akajigonga ukutani na hakusimama kwa sababu hakuna aliyemwambia asimame. Nikacheka. Nikaziba mdomo upesi kwa mkono, maana ilikuwa nyumba ya msiba na mama wa marehemu alikuwa upande wa pili wa pazia. Nikasikia tasbihi imenyamaza. Baadaye ikaendelea. Hakusema kitu, nami sikumwuliza kitu, tukaishi hivyo.

Na hapo ndipo watoto walipotunga ule mchezo wao. Niliwaambia wamtume Kobe nyumbani kwa mtu. Wakapanga: mbele, mbele, kushoto, mbele, aingie. Khairat akakataa.

"Hakupiga hodi," akasema. "Ataingiaje nyumba ya watu hivihivi?"

Ukawa mjadala mkubwa. Mwisho wakaweka alama tatu za kusubiri mlangoni, kila moja ni hodi. Mwenye nyumba akiitika, Khairat anafuta amri zilizobaki na kumwingiza ndani. Asipoitika mtu hata mara ya tatu, Kobe anageuka na kurudi alikotoka, na wala hanuni. Ndivyo walivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani na makwao. Mimi niliyesomea ualimu Unguja nisingeliwaza hilo la kugeuka. Nilikaa kitandani nikafurahi mpaka machozi yakanitoka, na kwa mara ya kwanza hayakuwa ya Pandu.

Kisha likaja lililonikosesha usingizi. Mama yake Khairat aliniletea salamu za Mzee Nyange, Mwalimu Mkuu wetu. Watu wa mradi wanakuja Alkhamisi. Wanataka kujua nani mwenye darasa hili, ili huyo wamsomeshe Unguja, akirudi awe ndiye msimamizi wa masanduku yote ya kaskazini, kuanzia Konde mpaka Gando. Mzee Nyange ana imani na mimi. Lakini wageni ni wanaume wawili, na mimi ni mjane wa eda. Kwa hiyo kapanga hivi: watapita kwa Bi Mwanamize kutoa mkono wa pole, watakaa barazani, na watoto watakuja na Kobe. Mimi niitike tu kutoka ndani, niseme neno moja mawili, wasikie kwamba darasa lina mwenyewe.

"Kasema wasikie sauti yako tu," mama Khairat akanambia. "Sauti tu, Mwalimu, wala hutoki. Lakini muulize Bibi kwanza."

Nikasema nitamuuliza. Ningelisemaje? Nisipopewa kazi ile, nilikuwa nayajua maisha yangu yaliyobaki: nitarudi kwa kaka yangu Gando, niwe shangazi wa jikoni, na baada ya mwaka watanitafutia mzee mwenye wake wawili. Kazi ile ndiyo ilikuwa mlango wangu pekee. Basi kila jioni Bi Mwanamize akiniletea uji nilikuwa nafungua mdomo nimwambie. Na kila jioni nilikuwa nauona uso wake, uso wa mtu aliyemzika mwanawe wa pekee, nikajua jibu lake kabla ya kuuliza. Mwanamke wa eda azungumze na wanaume wa mradi kwa sababu ya kidude cha plastiki? Nikanywa uji wangu. Nikajiambia kuwa nikiitika ghafla, atakuwa hana la kufanya, litakuwa limeshapita.

Alkhamisi wakaja baada ya sala ya adhuhuri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia tangu asubuhi, miguu inaniuma. Nikasikia salamu, nikasikia viatu vinavuliwa. Bi Mwanamize akawajibu kwa sauti yake ya chini, akarudi kukaa sebuleni penye kiti chake, mlango wa mbele akauacha wazi. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona yeye, na nyuma yake niliona baraza, magoti ya wageni, na suruali ya Mwalimu Masoud.

"Mola amrehemu," mgeni mmoja alisema. "Tumeambiwa huyu mwalimu ndiye aliyeanzisha."

"Yumo ndani," akasema Mzee Nyange, na akaipandisha sauti kidogo makusudi. "Watoto wamekuja kumwamkia. Haya, Khairat, tuoneshe."

Nikasikia vitufe vinabonyezwa. Kisha nikamwona Kobe. Kobe mwenyewe, wa kijani, kavuka kizingiti cha mlango wa mbele, anakuja juu ya sakafu ya sebule polepole, kapita mbele ya miguu ya Bi Mwanamize, kakata kushoto, kaja mpaka mlangoni kwangu. Akasimama shibri moja kutoka kwenye vidole vyangu. Watoto walikuwa wamepima vizuri, na sijui walipima lini.

Piip.

Nilivuta pumzi niitike. Nikanyanyua macho, na Bi Mwanamize alikuwa ananitazama. Hakuwa akimtazama Kobe, alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja kwenye ule upenyo, na tasbihi imesimama mkononi.

Piip.

Karibu. Neno dogo kiasi gani hilo, nimelisema maisha yangu yote, hata kwa kuku. Nilikuwa naona macho yale, na nilikuwa nasikia maneno ya Shumba nzima: mumewe hata kaburi halijakauka, anaitikia wanaume. Nikamtazama Kobe. Nikamtazama mkwe wangu. Hakutikisa kichwa, hakuonya kwa kidole, alinitazama tu, na mimi nikashindwa kufungua kinywa.

Piip.

Kobe akageuka. Akanipa mgongo wake wenye vitufe, akaondoka kwa mwendo uleule aliojia, akapita miguuni pa Bi Mwanamize, akavuka kizingiti, akatoka nje kwenye jua. Barazani wakapiga makofi.

"Mashaallah," akasema mgeni. "Mpaka adabu za nyumbani wamezitia ndani ya amri. Hongera sana, Mwalimu Masoud."

Nilimsubiri Masoud aseme. Alikohoa, akasema, "Watoto wanajitahidi." Mzee Nyange akasema kwamba mwalimu wao wa mwanzo ndiye aliyeweka msingi, lakini sauti yake ilikuwa imeshashuka, na mgeni akajibu kwamba hilo ndilo jambo zuri zaidi, msingi ukiwekwa vyema, hata mwalimu asipokuwepo kazi inaendelea. Wakaomba dua, wakamtaja Pandu, wakavaa viatu. Niliisikia gari ikiwaka na kuishia upande wa Konde. Nilikaa sakafuni na hasira nilizokuwa nazo zingeweza kuung'oa ule mlango. Nilimchukia Masoud na shati lake, nikamchukia Mzee Nyange kwa kunyamaza mapema. Wa mwisho, na zaidi ya wote, nilimchukia yule mwanamke na macho yake.

Haukupita muda mrefu uso wa Khairat ukaingia baina ya nondo.

"Mwalimu, hukuwamo?"

"Nilikuwamo."

"Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi mbona hukwitika? Mie nlikuwa nshajiweka tayari nikimbie nimwingize ndani. Nlingoja, nkangoja." Akazishika nondo kwa mikono miwili. "Mwalimu Masoud ndo anokwenda Unguja. Wamesema palepale, kabla hawajapanda gari. Na Kobe karudi kabatini."

Nilitakiwa nimbembeleze. Badala yake nikasema kwa sauti, na nilitaka isikike upande wa pili wa pazia: "Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na Bibi."

Niliwafundisha mwenyewe watoto hawa wakiona kosa wasilie, warudi nyuma wamtafute aliyetoa amri. Khairat akaruka chini kutoka kwenye kinu. Nikasikia miguu yake inazunguka nyumba mbio, ikaingia kwa mlango wa mbele, ikasimama sebuleni.

"Bibi," akasema. Hakuwa na adabu ya kumwamkia kwanza. "Kwa nini umemkataza Mwalimu kwitika?"

Mkono ukalivuta pazia mpaka mwisho, pazia lile ambalo yeye hajawahi kuligusa tangu nilipoingia, na Bi Mwanamize akasimama mbele yangu mzima, mdogo kuliko nilivyokuwa nikimwona kwa upenyo. Macho yalikuwa mekundu.

"Mie?" akasema. Alikuwa akimjibu mtoto, lakini alinitazama mimi. "Mie nlikuwa nangoja aitike. Nkamtazama, nkasema moyoni, haya, mwanangu, sema. Watoto hawa nawasikia kila siku dirishani. Pandu alikuwa akinisimulia habari za hicho kidude mpaka uji unapoa." Akazishika shanga za tasbihi zote kwa pamoja. "Kaniomba ruhusa lini huyu, nkamnyima?"

Khairat akanigeukia, akangoja nijibu.