Neno la Mstari wa Pili

Alhamisi, siku tatu kabla ya Salud kucheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, Lázaro mwimbaji aliamka hana sauti. Mkewe alimpigia simu Bi Tomasa kumwambia kwamba daktari amemkataza hata kunong'ona. Bi Tomasa akamtakia mgonjwa nafuu, akapiga simu nyingine mbili tatu, kisha akakaa uani chini ya nguo zilizoanikwa, akimngoja mwanafunzi wake atoke kazini.

Salud alikuwa na miaka thelathini na sita. Alikuwa mpishi wa shule, na mikono yake ilinuka kitunguu saumu hata siku ya mapumziko. Baba yake, Diego, aliwahi kuwa mwimbaji aliyejulikana mji mzima wa Jerez, lakini hakutaka binti yake aguse mambo ya jukwaani, na Salud alitii mpaka mama yake alipofariki. Hapo ndipo alipokwenda kwa Bi Tomasa, mchezaji mstaafu wa flamenko mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima, akamwambia, "Nifundishe kabla sijazeeka."

"Umeshazeeka," Bi Tomasa alimjibu. "Vua koti."

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Sasa Salud aliinama kufunga mikanda ya viatu vyake vya kuchezea, vyenye misumari visiginoni, na Bi Tomasa akasema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa:

"Jumapili atakuimbia Bastián."

Mkono wa Salud ulisimama. "Baba mdogo?"

"Unaye Bastián mwingine?"

"Bi Tomasa, baba atakuwepo. Amewekewa kiti cha mbele kabisa."

"Najua. Nimemwekea mimi."

Diego na Bastián walikuwa baba mmoja mama mmoja, nyumba zao mitaa miwili tu kutoka moja hadi nyingine, na kwa miaka ishirini na miwili hawakuwa wamepeana hata salamu. Msibani mmoja akiingia, mwingine alitoka. Salud alikua akiambiwa kwamba Bastián aliiba ubeti wa mama yao, bibi yake Salud, akauimba jukwaani kabla hata nguo za matanga hazijavuliwa. Ubeti wenyewe ulikuwa soleá, wimbo wa majonzi wa flamenko, mistari mitatu tu kama ilivyo desturi ya soleá, na baba yake alikuwa akiuimba taratibu nyumbani huku akinyoa ndevu:

*Mchana watu walala,*
*mlango kafungua upepo,*
*kisima hakikulala.*

"Hebu niimbie ule wa bibi yako," Bi Tomasa alisema.

Salud akaimba. Bi Tomasa alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hivyo ndivyo anavyoimba baba yako. Bibi yako hakuimba hivyo. Nilikuwa naye shambani, tukilala chumba kimoja, vibarua kumi na wanne na watoto wetu. Yeye alisema, *mlango kafungua mwanangu.*"

Salud hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

Alijua kwamba baba yake alikuwa na mdogo wake mwingine, Gabriel, aliyetumbukia kisimani akafa akiwa na miaka mitatu. Hakuwahi kuambiwa mtoto alitokaje ndani ya nyumba.

"Diego alikuwa na miaka tisa," Bi Tomasa aliendelea, sauti chini. "Saa ya jua kali, watu wazima wote wamelala. Akatoka kwenda kutazama farasi. Hakurudisha komeo la mlango. Basi. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemsema. Mama yake alikaa kimya miaka sita, na siku alipofungua kinywa ukatoka ubeti huo, mara moja, tukiwa tunachuma zabibu. Sisi tuliokuwepo tuliusikia. Bastián naye aliusikia, mtoto mdogo. Alipomzika mama yake akauimba mbele za watu kama alivyousikia. Unadhani baba yako alikasirishwa na wizi?"

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu utauchezea, akiamua kuuimba. Miguu nimekufundisha, lakini miguu hata punda anayo. Mchezaji husikiliza. Neno likisemwa, mwili uwe umelijua."

"Basi mwambie asiuimbe!"

"Mimi? Mwimbaji haambiwi aimbe nini. Ukitaka kujaribu, miguu si unayo? Nenda."

Jumamosi asubuhi Salud alikwenda. Bastián alikuwa fundi wa mapipa, mtu mfupi mpana, na alimkuta akigonga pete ya chuma kwenye pipa la mvinyo. Hakuacha kugonga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Nyundo. "Umefanana na mama yangu, bahati mbaya yako." Nyundo. "Sema."

"Nimekuja kukuomba. Kesho usiimbe ule wa bibi."

Nyundo ikanyamaza. "Miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa kwenu aliyekanyaga karakana hii. Leo mmoja amekuja, na amekuja kunichagulia nyimbo."

"Baba ni mzee sasa. Moyo wake…"

"Na mimi ni kijana?" Akaweka nyundo chini. "Sikia, binti. Nikikaa kwenye kile kiti nikafumba macho, huja kinachokuja. Sina ghala la kuchagua."

"Na ukija huo?"

"Basi utausikia." Akarudi kwenye pipa lake.

Jioni ile Salud alimkuta baba yake amekaa mezani anapaka viatu rangi. Ilikuwa wazi kwamba habari zimemfikia. Katika mtaa wa Santiago habari hazina haja ya simu.

"Baba, si lazima uje kesho."

"Nani kasema siji?"

"Najua nani anaimba. Na wewe unajua."

Diego alipuliza kiatu, akakiinua kwenye mwanga. "Pasi iko wapi? Shati langu limekunjamana," alisema.

Jumapili saa saba mchana klabu ya mtaa ilijaa hadi watu wakasimama ukutani na glasi zao mkononi. Diego alikaa kiti cha mbele, shati limenyooka, mikono juu ya fimbo. Jukwaani kulikuwa na viti vitatu: mpiga gitaa waliyemwita Kiroboto kwa ajili ya udogo wake, kijana wa kupiga makofi, na Bastián kwa suti nyeusi. Ndugu wale wawili hawakutenganishwa hata na hatua tano. Hawakutazamana.

Kiroboto alianza. Salud alipanda, akaacha gitaa limzunguke, akahesabu mapigo kumi na mawili, na kumi na mawili tena. Soleá ina taratibu yake: mchezaji ndiye amwitaye mwimbaji, na humwita kwa miguu. Kwa hiyo yeye, binti wa Diego, mbele ya mtaa mzima, ndiye aliyepaswa kumgeukia mtu ambaye nyumba yao haimsalimu na kumwambia, njoo. Aliona shingo ya baba yake imekakamaa. Akapiga miguu mara tatu, kisha tatu, akakata.

Bastián akaja. Aliimba ubeti wa mwanamke anayemlaumu mwezi kwa kumulika asichotaka kukiona, wa kawaida, unaojulikana, na sauti yake ilikuwa kama mbao mbichi inayopasuliwa. Salud alipumua. Miguu ilimtii, mikono ikapanda, mtu mmoja nyuma akasema "Olé, Salud," na kwa dakika mbili alisahau kuogopa.

Ikafika zamu ya kuita mara ya pili. Akaita.

Bastián alifumba macho. "*Mchana…*" alianza, "*…mchana watu walala…*"

Vijana hawakujua kitu, lakini wazee walijua, na glasi zikabaki njiani kati ya meza na midomo. Bi Tomasa, pembeni, hakupepesa macho. Salud aliona vidole vya baba yake vikikaza juu ya fimbo.

Jambo la kwanza alilofundishwa, kabla ya hatua yoyote, ni kwamba wimbo haukanyagwi. Mwimbaji akiwa na neno mdomoni, mchezaji hutulia, hutembea juu ya sakafu kama mtu apitaye karibu na mgonjwa. Anayepiga miguu juu ya neno la mwimbaji amemtukana yeye na waliomfundisha.

"*Mlango…*" Bastián aliuvuta, akaushusha, akauvuta tena. "*…mlango kafungua…*"

Salud alipiga miguu.

Hakuamua, au kama aliamua, alifanya hivyo upesi kuliko akili. Visigino viwili vilishuka kama mvua ya mawe juu ya bati, sauti ikajaa ukumbini, na neno lile, lolote lililokuwa, likazama. Hata yeye mwenyewe hakulisikia. Alipoacha, gitaa lilikuwa limekufa na Bastián amefumbua macho.

"Aibu!" mtu alisema kutoka ukutani.

Salud alisimama akitweta, uso unawaka. Alitaka kushuka. Alitaka sakafu ifunguke. Bastián alikuwa anainuka kwenye kiti chake, amekunja uso, na kila mtu aliona kwamba anaondoka.

Ndipo Diego alipozungumza, bila kusimama.

"Sikulisikia neno."

Bastián aligeuka. "Mimi nimelisema. Miguu ya binti yako ndiyo haikulitaka."

"Lirudie."

Mtu aliweka glasi chini, na ilisikika.

"Nirudie lipi, Diego?" Bastián aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na miwili kulitaja jina hilo. Sauti yake haikuwa na hasira tena. Ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

Salud hakuwahi kumwona baba yake akiwa mdogo hivyo kwenye kiti.

"La mama," Diego alisema. "Kama alivyolisema yeye."

Bastián alikaa. Hakufumba macho safari hii. Alimtazama kaka yake. Aliuanza ubeti upya, bila gitaa, bila makofi, na alipofika mstari wa pili hakuuvuta wala kuupamba. "*Mlango kafungua mwanangu,*" aliimba, wazi, kila mtu akasikia.

Salud hakutikisa hata kidole. Kusimama kule kulimgharimu kuliko miguu yote ya miaka mitatu. Neno lilipita ukumbini, likamfikia baba yake, naye akalipokea akiwa ameinua uso, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola, na hakuyafuta. "*Kisima hakikulala,*" Bastián alimaliza, na Diego akasema "Olé," kwa sauti ya kukwaruza.

Kiroboto akagusa nyuzi. Salud akaita, na akacheza mpaka mwisho. Alicheza vibaya mahali pawili na alijua ni wapi.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, alikuwa anavua viatu Kiroboto alipopita na gitaa mgongoni.

"Salud, unataka kujua alisema nini mara ya kwanza? Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake."

"Alisema nini?"

"Upepo," Kiroboto alijibu. "Alikuwa amemwachia baba yako neno lake."

Salud alibaki na kiatu mkononi. Hakujua acheke au alie. Kabla hajaamua, Bi Tomasa alifika akiburuta nyonga yake.

"Umekanyaga wimbo," alisema. "Ukirudia, tafuta mwalimu mwingine. Jumanne saa kumi, usichelewe."

Ndugu hawakukumbatiana siku ile. Bastián alitoka na watu wake, Diego na binti yake. Walitembea mpaka karibu na nyumbani, na hapo mzee akaguna.

"Mstari wa tatu ameuvuta mno. Mama hakuuvuta hivyo."

"Si umwambie mwenyewe?"

"Nitamwambia. Unadhani namwogopa?"

Na alimwambia kweli. Siku mbili baadaye alikwenda karakana ya mapipa na fimbo yake, na majirani wakatoka vibarazani kuona nani anagombana, maana wazee wale wawili walikuwa wakipaaziana sauti juu ya mstari wa tatu, kila mmoja akiuimba kumwonyesha mwenzake alivyokosea, na fundi msaidizi akisema hawezi kupima mbao kwa kelele zile. Diego alirudi saa ya chakula, sauti imemwisha, akala sahani mbili za dengu, akasema Bastián ana kichwa kigumu na kwamba kesho atakwenda tena.