Jicho la Pili

Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi, msimamizi wa chumba cha picha alikuwa anapiga pasi shati lake la kazini pale galaksi ya kwanza ilipoingia kupitia dirisha. Ilikuwa na ukubwa wa kisahani, hafifu, rangi ya maji yaliyosuuziwa gilasi ya maziwa. Ikatua kwenye mkono wa shati. Mkewe, aliyekuwa anatafuta kiatu cha pili, alimwambia aisogeze kabla hajaiunguza. Akaisogeza, akavaa shati lenye mkono mmoja uliojaa mikunjo, akaenda kazini.

Kufika Ijumaa zilikuwa arobaini na moja. Zilikaa juu ya kabati, kwenye rafu ya vyombo, nyingine ndani ya beseni la nguo chafu. Hazikuwa na joto wala hazikuhitaji chochote. Jirani alikuja kulalamika kwa heshima: mwanga ulikuwa unapenya kwenye nyufa za ukuta, kuku wake hawajui tena kumekucha lini, na jogoo amewika mpaka sauti imemkauka.

"Mgeni siku mbili, jirani," mke wa msimamizi akamwambia. "Lakini hawa hata ukiwapa jembe, watalishika na nini?"

Jirani akacheka, akapewa pazia kuukuu akazibe nyufa.

Msimamizi alijua zote zilikotoka, na hilo ndilo lililomnyima raha. Zaidi aliijua ile ya juu ya kabati, yenye mkia uliopinda kushoto. Miaka mitatu nyuma mama yake mdogo alikuwa amemsimulia habari zake wakati wa chakula cha mchana, akiuchora ule mkia mezani kwa kidole kilicholowa maji.

Kazi ya ofisi yao ilikuwa kuiorodhesha mbingu. Darubini kubwa, iliyowekwa mlimani mbali na taa za watu, ilipiga picha anga lote kipande kwa kipande, na kila baada ya siku chache ikaanza upya. Picha zilikuja na vidoa kwa mamilioni. Vile vinavyong'aa havikuwa na ubishi. Vile hafifu viliangaliwa na watu wawili, Jicho la Kwanza na Jicho la Pili, walioketi wakipeana mgongo na kukatazwa kuzungumza juu ya picha iliyo mbele yao. Kila mmoja alikuwa na vitufe vitatu: Nyota, Galaksi, Dosari. Dosari ni vumbi kwenye kioo, au mchirizi wa setilaiti iliyopita; kidoa ambacho hata jicho moja limekiita Dosari kilitupwa.

Jicho la Kwanza alikuwa huyo mama mdogo. Ndiye aliyemwombea kazi mtoto wa dada yake. Kidoa hafifu alikikazia macho, akayapumzisha, akakitazama tena kwa pembeni, wakati mwingine dakika ishirini nzima. Ofisini walimwita Polepole, na hakuna aliyeumalizia msemo kwamba ndio mwendo.

Jicho la Pili alikuwa yeye. Mwezi wa kwanza aliangalia picha. Mwezi wa pili akagundua kwamba katika vidoa hafifu mia, sitini ni vumbi tu, akaanza kubonyeza Dosari kwa vyote na kumaliza saa sita. Alikuwa na mchumba wakati huo, na mchana una mambo yake. Aliendelea hivyo miaka miwili, mpaka mchumba akawa mke, na bado aliendelea.

Kisha ofisi ikaleta mashine ya kuangalia picha, na mashine, kama mwanafunzi yeyote, ilihitaji mwalimu. Ilifundishwa kwa majibu ya Jicho la Pili, kwa kuwa yalifika mapema na hayakuyumba. Ikashika masomo. Ilipohitimu, ikapewa kazi ya kuwapima wote wawili. Jicho la Pili alipata tisini na tisa kwa mia. Jicho la Kwanza alipata sitini. Barua ya mama mdogo ilisema kwamba uwezo wake wa kuona umeshuka, ikamshukuru kwa miaka kumi na minne. Barua ya Jicho la Pili ilimfanya msimamizi. Alielewa kilichotokea palepale koridoni, akiwa na barua zote mbili mkononi, kwa kuwa ile ya mama mdogo alikuwa ameombwa aifikishe yeye. Akaifikisha.

Mama mdogo aliiamini. Daktari alimpima mara mbili akasema macho ni mazima kabisa. Alimhurumia daktari: bado kijana, na vyombo vyake vidogo. Ofisi ilikuwa na darubini. Akaacha kushona, akaacha kusoma, kisha akaacha kuvuka barabara peke yake.

Jumatano ile msimamizi alikuwa amemweleza mkuu wa ofisi kwamba galaksi zilizotupwa zinaishi nyumbani kwake. Mkuu akauliza kama mashine imezitambua. Haikuzitambua.

"Basi si zetu," mkuu akasema, akamrudishia kalamu aliyoiazima kwake.

Nyumbani, mkewe hakuwa na subira ya namna hiyo.

"Mwambie," alisema. "Yule mama anajifundisha upofu."

"Nikimwambia hilo, itabidi nimwambie na lingine."

"Hilo lingine ndilo lenyewe."

"Nitamwambia."

Jumamosi saa nne asubuhi mama mdogo alipiga hodi mwenyewe, akiwa amepapasa ukuta kutoka kona mpaka mlangoni. Msimamizi alimpa shikamoo, akamshika mkono, akamketisha. Mkewe akaleta birika la chai. Mama mdogo alikaa akiwa amelielekea kabati. Hakuigusa chai.

"Mwanangu, nikuulize kitu. Hapo juu ya kabati pana nini?"

"Wapi, mama?"

"Hapo. Naona kama ukungu. Una mkia, umepinda kushoto." Akayafumba macho, akayafumbua, akatazama kwa pembeni. "Kipo kitu, au ni haya macho yangu?"

Swali lilikuwa jepesi. Lakini akisema kipo, angeulizwa ni nini, na kutoka hapo ni hatua mbili tu kufika kwenye ile michana ya miaka miwili, na kwenye barua aliyoibeba kwa mkono wake. Uso umeumbwa na haya, na wake ulikuwa unamchoma mpaka masikioni. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, na aibu hiyohiyo ndiyo iliyomjibia.

"Hakuna kitu, mama mdogo. Ni ukuta tu."

Mkewe aliliweka birika mezani kwa kishindo, akaingia jikoni. Hakuwa mtu wa kumuumbua mumewe mbele ya mama yake, na siku hiyo alijichukia kwa hilo.

"Basi ni macho," akasema mama mdogo, kwa utulivu, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. "Nashukuru wewe huwa hunifichi. Wengine wananionea huruma, wananidanganya."

Alipoinuka kuondoka, galaksi moja ndogo ilikuwa imeteremka na kulala kizingitini. Mama mdogo alifika mlangoni, akasimama, akainua pindo la gauni, akavuka kwa hatua ndefu asije akaikanyaga. Kisha akageuka, ametahayari.

"Nisamehe, mwanangu. Nimeruka kitu ambacho hakipo."

"Si neno, mama."

Nje, jirani alikuwa anawarushia kuku mahindi. Aliwaona wameshikana mikono, akaacha kazi yake.

"Watoto wa namna hii siku hizi utawapata wapi?" akasema. "Mama, umejaliwa."

"Nimejaliwa," akasema mama mdogo.

Msimamizi akasema ahsante. Wakafika barabarani. Hapakuwa na gari upande wowote, na mama mdogo alikuwa ameshaangalia kulia na kushoto, lakini alisubiri. Msimamizi akamwambia twende, mama, inua mguu, na yeye akauinua.