Feni ya Mzinga Mzito

Wafanyakazi wa kiwanda cha mizinga kule milima ya Urali, Urusi, walikuwa wakinywa supu ya kabichi pale mpiga mzinga Saveli Dronov, aliyekufa vitani wiki iliyotangulia, alipoingia ofisi ya wasanifu kwa kupita ukutani. Nje kulikuwa na theluji, hivyo alipangusa buti kwanza. Mchoraji wa mitambo, Glafira, alimwekea glasi ya vodka, akaifunika kwa kipande cha mkate, kama anavyowekewa marehemu yeyote. Saveli aliuweka mkate kando, akanywa, akakohoa moshi mweusi.

"Huo mzinga wenu wa ndani ya gari la chuma ni kiboko," alisema. "Kifaru cha Mjerumani unakipasua kama yai. Ila tukifyatua, moshi wote unabaki humo ndani na sisi. Kombora la nne, wote kwisha."

"Na makombora ya adui?" aliuliza Msanifu Mkuu, Porfiri Velyaminov.

"Hayakupenya, Ndugu Mkuu."

Mkuu aliagiza sifa hiyo ipelekwe Moscow.

Glafira alikuwa ameshachora feni ya kutolea moshi. Kuifunga kulihitaji kutoboa paa la chuma, na kutoboa kungechelewesha mizinga iliyoahidiwa kwa sikukuu ya Mei Mosi. Mdogo wake, Yemelyan, angeendesha mmojawapo.

"Basi tuujaribu," alisema Glafira. "Milango ifungwe, wafyatue makombora kumi. Tuone nani atatoka mzima."

Mkuu alikubali. Kwa kuwa walio hai walikuwa na kazi, alimteua Saveli na wenzake watatu marehemu, wazoefu wasiohitaji mgawo wa mkate. Walifyatua yote kumi. Milango ilipofunguliwa, walishuka wakiwa katika hali ileile waliyoingia nayo. Tume iliandika kwamba afya zao hazikuathirika, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Saveli, si uwaambie!" alisema Glafira.

"Niwaambie nini, dada? Safari hii hata haikuuma."

Mizinga iliondoka bila feni, kabla ya sikukuu.

Mwezi Julai, Yemelyan aliingia kwa kupita ukutani. Alipangusa buti, ingawa nje kulikuwa kukavu.

"Dada, mbona umekonda hivyo?" alisema, akakohoa.

Glafira alimimina vodka, akakata mkate. Mkuu alichungulia mlangoni.

"Dereva, siyo? Karibu sana, kijana. Kesho tunajaribu mzinga mpya, na dereva tuliye naye bado yuko hai."