Mw. wa Rebaini

Eliudi alianguka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye foleni ya lifti pale Tianxiu Dasha, jengo lenye ofisi yake huku Uchina. Saa hiyo mimi nilikuwa mtaa wa maduka wa Yide Lu, nabishana na mama mmoja Mchina kuhusu madaftari ya jalada gumu. Alikuwa ananiambia meiyou, hakuna ya bluu, na mimi naiona bluu nyuma ya kichwa chake. Simu ikaita, nikaiacha. Ikaita tena. Alikuwa Gracia, Mkongo wa Lubumbashi ninayeishi naye chumba kimoja, na hakunisalimia.

"Albina, kuya. Acha vitu vyote, kuya sasa."

Nilipofika hospitali daktari alikuwa ameshavua glavu. Alisema neno moja, akajishika kifuani, na Gracia akanitafsiria: moyo. Eliudi alikuwa na miaka arobaini na moja. Sijawahi kumsikia akilalamika hata kichwa. Asubuhi ile alinitumia ujumbe kuniuliza kama unga wa muhogo umebaki, na mimi sikuwa nimemjibu.

Nesi alinikabidhi mfuko wa plastiki: simu, funguo, miwani, kalamu mbili. Akanipa na karatasi nisaini kwamba nimepokea. Gracia akamwambia kwa Kichina kwamba mimi ni dada yake. Nikasaini. Nilishazoea kuitwa hivyo.

Kwetu ni milimani, wilaya ya Lushoto. Eliudi na mimi tumetoka katika familia mbili ambazo watu huziita kwa pamoja akina Rebaini. Rebaini mwenyewe ni Hermann Rehbein, seremala Mjerumani aliyekuja kabla ya vita vya kwanza akafungua karakana karibu na misheni. Eliudi ni kitukuu wa Hermann kupitia mtoto wake, Yonathani. Mimi natoka kwa Mjerumani mwingine, kijana aliyeitwa August, ambaye kwetu hutajwa Agosti. Alikuja na Hermann katika meli moja, akazaa na mwanamke wa Kisambaa binti mmoja, Marta, ambaye ndiye mama wa babu yangu. Agosti alikufa kwa homa Marta akiwa bado mdogo. Hakuacha hata picha.

Swali lilikuwa moja tu: Agosti alikuwa mtoto wa nani? Kitabu cha ubatizo cha parokia yetu, kwenye ubatizo wa Marta mwaka 1908, kilisema: "Baba: Agosti, mwana wa Rebain." Basi Agosti alikuwa mtoto wa Hermann, mimi na Eliudi tulikuwa ukoo mmoja, na kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Tulipeleka habari yetu ya kutaka kuoana kwa wazee miaka tisa iliyopita. Baba mkubwa wa Eliudi, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uchina nzima hiyo, watu wote wale, mmeonana nyinyi wawili tu?" Watu wakacheka. Alipoona wamemaliza kucheka akaongeza, "Hamtaoana ndani ya nyumba moja. Mezeni chai yenu, mrudi kazini."

Tukarudi. Eliudi aliendelea na ofisi yake ya kago ghorofa ya kumi na moja, mimi niliendelea kununua vifaa vya shule. Yeye hakuoa na mimi sikuolewa. Mbele za watu aliniita dada. Tukiwa wawili aliniita "dada wa kitabuni", akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Miaka miwili iliyopita alipata karatasi kutoka Ujerumani, nakala ya kitabu cha kanisa la kijiji alikozaliwa Hermann. Ndani yake alikuwamo August mmoja, aliyezaliwa 1884, na baba yake aliandikwa Wilhelm Lüders, mtengeneza mapipa. Eliudi aliituma nyumbani siku ileile. Baba mkubwa akampigia.

"Agosti ni jina la mwezi," alimwambia. "Huko kwao lazima wamejaa. Kitabu chetu kinasema mwana wa Rebain. Wewe unaamini karatasi ya posta kuliko kitabu cha kanisa ulichobatiziwa?"

Nilimwomba Eliudi aache. Nilimwambia nimechoka kutumaini kila mwaka. Akaitikia kwa kichwa, na mimi nikadhani ameacha.

Siku ya Jumatano, siku moja baada ya kifo, mimi na Gracia tulikwenda ofisi inayoshughulikia miili ya wageni. Karani alikuwa msichana mpole, nywele amezifunga juu. Aliuliza swali, Gracia akajibu, akauliza tena.

"Anataka kujua weye ni dada wa namna gani," Gracia akanigeukia. "Ma chère, huku habana dada tu. Mukubwa ama mudogo? Ya upande ya baba ama ya mama? Kila mutu na jina yake."

Nikaeleza: mdogo kwake, ukoo mmoja, kwa upande wa baba. Karani akaandika alama mbili kwenye fomu, akanisomea kidole chake kikiwa juu yake. Tangmei.

"Maana yake?" nikauliza.

Gracia alifikiri kidogo. "Ni mudogo wa kike wa ukoo. Bale ba nyumba moja."

Karani akaeleza utaratibu. Mwili utatolewa kwa ndugu wa marehemu, kwa saini yake na kwa barua ya familia yenye mhuri. Kama hakuna ndugu hapa, utakaa mpaka mmoja aje kutoka nyumbani. Nilimpigia Rodrick, kaka mkubwa wa Eliudi. Hana hata pasi ya kusafiria. Na mama yao, aliniambia, tangu Jumanne hajatia kitu mdomoni, anauliza tu mtoto analetwa lini.

Barua ilifika Ijumaa kwa simu. Wazee watano wamesaini, baba mkubwa wa kwanza, na mhuri wa kijiji chini. "Albina ni dada wa marehemu, damu moja, na tunampa mamlaka yote." Ofisi ikanipangia kusaini Jumatatu.

Jumamosi mchana nilikwenda ofisini kwa Eliudi kutafuta pasi yake. Gracia alikuja baadaye na wali. Niliichaji simu ya Eliudi ili nipate namba za wateja wenye mizigo yao. Namba ya kuifungua naijua: 1908. Juu kabisa kulikuwa na ujumbe wa Mzee Medard, karani wa parokia, uliotumwa Jumanne saa tatu asubuhi ya kwetu. Kwa saa za huku ilikuwa saa nane mchana. Eliudi alikuwa amekufa saa nne zilizotangulia.

Nikabonyeza sauti.

"Eliudi mwanangu, hizo shikamoo zako nimezichoka, mwaka mzima shikamoo! Haya, Padri amefungua kabati. Hiki ndicho kitabu chenyewe cha zamani, siyo kile kilichonakiliwa mwaka hamsini na saba. Panya wamekula pembe, lakini kinasomeka. Umesema nisichague, nipige kurasa zote, basi nimepiga zote thelathini na mbili. Macho yananiuma. Ukija uniletee miwani ya huko."

Sikujua kwamba kile kitabu tulichokuwa tukikiogopa ni nakala. Nadhani hata wazee walisahau.

Nikaufungua mfululizo wa picha zake, nikautafuta ubatizo wa Marta. Mwandiko ni wa katekista, mwembamba, umelala upande mmoja. Sikuona "mwana". Palikuwa na herufi mbili na nukta. "Baba: Agosti, mw. wa Rebain."

"Nini?" Gracia aliuliza. Nilikuwa nimesimama.

"Mw.," nikasema. "Kaandika mw. tu."

"Si ni mwana?"

"Aliyenakili alisoma hivyo."

Nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilisoma majina yote, polepole, nikiogopa kuruka. Yonathani, babu yake Eliudi, alikuwa ukurasa wa tano: "Yonathani bin Rebain." Bin. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Katekista huyu, kila alipotaka kusema fulani ni mtoto wa fulani, aliandika bin au binti. Hakuna mahali alipoandika mwana.

Ukurasa wa tisa nikamkuta mtu ambaye sijawahi kumsikia. Alikuwa shahidi katika ubatizo wa mtoto wa jirani. "Paulo bin Shemboza, mw. wa Rebain."

Nilimsomea Gracia kwa sauti. Akaacha kijiko.

"Huyo Paulo ana baba mbili?"

"Msambaa huyu. Baba yake Shemboza."

"Sasa kwa Rebaini anatafuta nini?"

Nilikuwa nimeshaona mstari wa chini yake, ambako katekista alikuwa na nafasi ya kutosha na hakufupisha. "Yakobo bin Kaniki, mwanafunzi wa Rebain, seremala."

Mwanafunzi. Vijana wa karakana. Hermann alikuwa fundi, na hao walikuwa wakijifunza randa na msumeno kwake, Wasambaa na yule Mjerumani mmoja pamoja. Miaka tisa tulikatazwa kwa sababu padri mmoja, mwaka hamsini na saba, aliikuta "mw." akaimalizia mwenyewe.

Nikaendelea mpaka mwisho, kwa sababu Eliudi angeendelea. Ukurasa wa ishirini na sita, mwaka 1910, Agosti alisimama kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa Yakobo. Hapo katekista alimwandika kwa jina lake lote, kama alivyolisikia. "Agosti Lides, mw. wa Rebain."

Lides. Lüders. Karatasi ya posta na kitabu cha kanisa vilikuwa vinamtaja mtu mmoja.

Niliketi chini, sakafuni, katikati ya maboksi ya wateja wa Eliudi. Sikulia. Gracia alikaa pembeni yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Albina. Kama hauko dada yake, Lundi, hiyo Jumatatu, utasaini nini?"

Sikuwa nimefika huko. Kumbe wakati nikisoma na kushukuru nilikuwa nikijitoa kwenye fomu.

Jumapili baada ya misa katika kanisa la mawe tunakosali, nilisimama nje uani nikampigia Rodrick.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama amekunywa uji kidogo."

Nikamweleza. Nilimsomea Yonathani, Paulo, Yakobo, na Agosti Lides. Nyuma yake nilisikia watu wa msibani wakipanga viti.

"Baba mkubwa amekaa hapa," alisema. "Nimpe?"

"Mpe."

Mzee alitaka nirudie. "Huyo Paulo, msome tena." Nikamsoma. "Bin nani?" Nikamwambia.

"Mwanafunzi," alisema. "Mwanafunzi wa Rebaini." Halafu, "Mimi niliwafanya watu wawacheke."

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa akijua?"

"Picha zilifika akiwa ameshaondoka."

Nilitaka aseme kitu kingine, sijui kipi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeinama.

"Kesho ni siku ya kusaini."

"Barua yenu inasema mimi ni dada yake, damu moja. Si kweli."

"Ukiwaambia si kweli?"

"Atabaki huku mpaka mmoja wenu apate pasi na viza."

"Na mama yake je?"

Nikamwambia huyo ndiye ninayemfikiria.

"Mwanangu," alisema, na miaka yote hiyo hajawahi kuniita hivyo, "sisi tulikosea. Lakini kosa letu ndilo lenye mhuri. Saini umlete. Akishalala nitasimama mbele ya watu walewale nilisome hilo jina la Paulo mwenyewe."

Jumatatu yule karani mpole alinisogezea fomu. Alama mbili zilikuwa palepale alipoziandika. Sheria ilimtaka aniulize tena kabla sijasaini, akaniuliza, taratibu, akinitazama machoni. Tangmei?

Gracia hakutafsiri. Aliangalia dirishani.

Neno la kusema ndiyo nalijua tangu wiki yangu ya kwanza sokoni. Nililisema, nikasaini, na kalamu nikaitumia ya Eliudi.

Ndege inaondoka keshokutwa, saa saba mchana. Rodrick atatupokea Kilimanjaro na gari la parokia. Nimemnunulia Mzee Medard miwani.